Kusawazisha Bustani ya Mteremkoni

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni ile bustani ya nyuma ya nyumba iliyolala juu ya mteremko mkali. Twajua katika Maandiko ya kuwa mwanadamu wa kwanza alifanywa kwa mavumbi, akapewa bustani, wala hakupewa ailime tu, bali aiangalie pia isiharibike. Kazi hizi mbili zaenda pamoja kama miguu miwili. Sisi tumezoea kuutumia mmoja, na kwa hiyo twachechemea: kulima twalima sana, lakini kuutunza udongo tunaoulima twasahau.

JAMBO HILI LAWAHUSU HATA WATU WA PWANI

Huenda msomaji wetu wa Usagara mjini Tanga atasema, "Kwetu ardhi ni tambarare, habari za miteremko wapewe watu wa milimani." (Usagara huu ni ule wa Tanga, si ule wa milima ya upande wa Kilosa na Mpwapwa.) Lakini na atazame sahani yake na mtungi wake. Kabichi, karoti na viazi anavyonunua sokoni, vingi vyatoka Lushoto, katika miteremko ya Usambara. Na maji ayanywayo yatoka mto Zigi, ambao chanzo chake ni katika milima ya Usambara ya Mashariki, karibu na Amani, nayo hukusanywa katika bwawa la Mabayani kabla ya kufika mjini. Udongo unaoporomoka bustanini mwa mtu wa mlimani hauishii hapo. Huingia kijitoni, kijito huingia mtoni, na mto huutua bwawani, kidogo kidogo, masika baada ya masika. Basi mtu wa mlimani akipoteza chakula chake, mtu wa pwani hupata tope katika maji yake. Ndiyo sababu wakulima wa bonde la Zigi walijiunga katika umoja wao uitwao UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga ikashirikiana nao katika kuhifadhi kingo za mto na mashamba ya milimani.

UDONGO HUSHUKA NAMNA GANI

Tone la mvua likianguka juu ya majani huvunjika nguvu yake. Likianguka juu ya udongo mtupu huupiga kama nyundo, hata chembe ndogo zikaruka na kuziba vinyweleo vya ardhi. Maji yasiyopata pa kuzama huanza kutembea. Mahali palipo sawa hutembea polepole, na mteremkoni hukimbia. Na kadiri yakimbiavyo ndivyo yachukuavyo mzigo mkubwa zaidi. Kwanza huchukua ule udongo mweusi wa juu, wenye mbolea yote. Kisha huchora vijifereji vyembamba kama mistari ya daftari. Vijifereji hukutana na kuwa mfereji, na mfereji usipozibwa huwa korongo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo hili lilichunguzwa sana huku kwetu. Katika kituo cha utafiti cha Amani alikuwapo mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne. Mwaka 1935 alieleza ya kuwa udongo wa kileleni, wa ubavuni na wa bondeni hauwezi kufahamika mmoja mmoja, maana umeungana kama pete za mnyororo: kinachotoka juu ndicho kinachoonekana chini. Akaliita jambo hilo kwa neno la Kilatini, catena, maana yake mnyororo, na neno hilo latumika mpaka leo na wataalamu wa udongo wa nchi nyingi. Basi elimu hiyo ya ulimwengu ilitoka katika milima hii ya Afrika ya Mashariki, na bwana wa bustani aweza kuithibitisha kwa macho yake: mahindi ya juu ya kiwanja ni manjano na mafupi, na ya chini ni meusi na manene. Chakula cha yale ya juu kimeliwa na yale ya chini.

HABARI YA MLALO, NA FUNZO LAKE

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, yafaa kukumbuka habari ya Mlalo. Bonde hilo la Usambara, ambako wamisioni wa Kijerumani walianzisha kituo mwaka 1891, lina watu wengi na mashamba madogo. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza huko mradi wa kuponya ardhi. Watu waliamriwa kulima kwa matuta ya kufungana, yaani matuta marefu ya kukata mteremko, na matuta mafupi ya kuyaunga, hata shamba likawa kama visanduku vya kuzuia maji. Shabaha ilikuwa njema, lakini njia ilikuwa amri na faini. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, waliokuwa na kazi nyingine tele. Tena watu waliingiwa na hofu ya kuwa ardhi yao itachukuliwa. Manung'uniko yakazidi, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mradi ukaachwa.

Katika Uluguru mambo yalikuwa makali zaidi. Huko watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, na mwezi Julai 1955 palitokea ghasia Matombo, hata mtu mmoja akapoteza maisha. Nayo sababu haikuwa ukaidi tu. Udongo mwema wa Uluguru mahali pengi ni mwembamba. Wachimbaji walipokata ngazi, udongo ule ulizikwa chini, na ule mkavu usio na rutuba ukaja juu. Mtu alitoka jasho miezi mingi, akavuna kidogo kuliko zamani. Nani asingenung'unika?

Twajifunza mambo mawili. La kwanza, ngazi mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa na ngazi, na siri ya ngazi njema ni kuutunza udongo wa juu. La pili, kazi ya nyumba haiendi kwa amri. Mwanamume akimwambia mkewe, "Mama Fulani, chimba hapa," naye mwenyewe akaenda barazani, amefanya serikali ndogo ya kutoza faini nyumbani mwake. Na wakae kwanza wote wawili, wakubaliane ni mahali gani patachimbwa na kitu gani kitapandwa. Maana mara nyingi mama ndiye ajuaye vizuri zaidi maji yapitapo.

Lushoto penyewe hapakuishia katika manung'uniko. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine, ulioitwa SECAP, kwa msaada wa Wajerumani, ukaendelea karibu miaka 20. Huo ulitumia sana mistari ya majani ya Guatemala, miti, na ng'ombe wa kufungwa zizini. Mkulima aliona faida ya upesi: majani yaliyozuia udongo ndiyo yaliyolisha ng'ombe, na ng'ombe akatoa maziwa kwa watoto na samadi kwa shamba. Mtu akiona faida haambiwi mara mbili.

KUPIMA KABLA YA KUSHIKA JEMBE

Wakati mwema wa kazi hii ni kiangazi, baada ya masika kwisha, ili ngazi ziwe tayari kabla ya mvua za vuli, na majani yapandwe vuli ianzapo.

Kwanza pima ukali wa mteremko. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1. Weka ncha moja juu ya ardhi upande wa mlimani, uulaze ubao sawasawa, kisha pima toka ncha ya pili mpaka chini. Ukipata sentimita 30, basi mteremko wako ni 30 katika 100. Ukipata zaidi ya 55, usichimbe ngazi. Mahali hapo ni pa miti na majani, na kupakata ni kujitafutia maporomoko.

Pili, tengeneza kipimo cha miti. Twaa fito mbili za mita 2, uzifunge pamoja juu na kuzitanua chini kama herufi A, uziunganishe kwa ufito wa tatu katikati. Toka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha kipimo juu ya vigingi viwili, uweke alama pale kamba ikatapo ufito wa katikati. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae pa kushoto na wa kushoto pa kulia, ukaweke alama ya pili. Nusu ya katikati ya alama hizo mbili ndipo pa haki. Kamba ikiangukia hapo, miguu yote miwili imesimama sawa.

Sasa anza upande mmoja wa bustani. Weka mguu mmoja kwenye kigingi, zungusha wa pili juu na chini mpaka kamba iangukie pa haki, piga kigingi kingine, uendelee hivyo mpaka mwisho. Vigingi vyako havitakuwa katika mstari ulionyooka, bali vitapinda pamoja na mlima. Usione haya kwa kupinda huko. Maji hayapendi wala hayachukii mstari ulionyooka. Huangalia tu mahali palipo chini.

Tatu, amua upana. Katika mteremko wa 30, ukipima mita 3 na nusu kwa ulalo, ardhi itashuka karibu mita 1. Hapo utapata uwanda wa mita 3, na nusu mita itachukuliwa na ukuta wa udongo. Yaani umepoteza sehemu 1 katika 7. Katika mteremko wa 50, ukipima mita 2 na nusu, ardhi itashuka mita 1 na robo, na ukuta utakula sehemu 1 katika 4. Kwa hiyo kadiri mteremko unavyozidi ukali, ndivyo ngazi ziwavyo nyembamba na gharama yake kubwa. Asitamani mtu uwanda mpana kama kiwanja cha mpira. Ukuta wa udongo mtupu usizidi mita 1 na robo hivi, la sivyo utabomoka.

KUCHIMBA

Anza chini, wala usianze juu. Wengi huanza juu kwa kuwa ndipo karibu na mlango, nao hujilaumu baadaye.

Katika ngazi ya chini kabisa, kwangua udongo mweusi wa juu, kama kina cha shubiri moja, uulimbike kando. Kisha chimba nusu ya upande wa mlimani, na udongo unaochimba uutupe nusu ya upande wa bondeni, mpaka pawe sawa. Usiutupe wote kwa mara moja. Weka tabaka, ukanyage, weka tabaka nyingine, ukanyage tena. Watoto wataipenda kazi hii ya kukanyaga kuliko kazi zote, na waachwe waifanye wakiimba.

Ngazi ya kwanza ikiisha, panda kwenye ya pili. Kwangua udongo mweusi wa hii ya pili, na badala ya kuulimbika, ushushe juu ya ngazi ya kwanza iliyokwisha. Ndivyo ufanyavyo mpaka juu: kila ngazi hupokea udongo mwema wa ile iliyo juu yake. Ngazi ya juu kabisa, isiyo na wa kuipa, itapewa ule ulioulimbika mwanzo, pamoja na samadi na mboji. Kwa njia hii hakuna ngazi inayoachwa na udongo mkavu, nalo kosa la Uluguru halirudiwi.

Uwanda usiwe sawa kabisa kama meza. Uinamishe kidogo kuelekea mlimani, sentimita 5 kwa kila mita, ili maji yasimwagike ukingoni. Chini ya ukuta, upande wa ndani, chora mfereji mdogo wenye kushuka taratibu sana, kama sentimita 1 kwa kila mita, uyapeleke maji ya ziada mpaka kwenye njia ya maji iliyopandwa majani. Ukingoni weka tuta dogo la shubiri moja. Na ukuta wenyewe usiusimamishe wima kama ukuta wa nyumba. Kwa kila mita 1 ya kwenda juu, urudishe nyuma nusu mita.

KUTA NA MAJANI

Ukuta mtupu hautapita masika mbili. Uvike nguo upesi. Majani ya Guatemala au mabingobingo yapandwe juu ya ukingo, na majani mafupi yenye kutambaa usoni mwa ukuta. Mizizi yake hushona udongo kama uzi ushonavyo kitambaa. Yakatwe mara kwa mara apewe ng'ombe au mbuzi, wala wanyama wasiachiwe kupanda ngazini, maana kwato moja huharibu kazi ya siku nzima. Palipo na mawe, ukuta wa mawe ni bora zaidi, nao utadumu mpaka kwa wajukuu. Watu wa nchi ya Uyahudi walifanya hivyo tangu kale. Nabii Isaya alitoa mfano wa mwenye shamba la mizabibu kilimani, jinsi alivyochimba na kuondoa mawe.

Mwaka wa kwanza panda maharage au kunde, ili udongo uliosumbuliwa upate nguvu. Mboga zenye kutaka chakula kingi, kama kabichi, zingojee mwaka wa pili.

ASIYE NA NGUVU NYINGI

Wako wajane, wazee, na waalimu wenye kazi za darasa mchana kutwa. Hao wasikate tamaa. Iko njia nyepesi, nayo imepata jina lake katika Kiswahili chetu hata vitabu vya wageni vyaliandika hivyo hivyo: fanya juu. Ilienea sana katika Ukamba, upande wa Machakos, nchini Kenya. Chimba handaki la sentimita 60 kwa 60 kufuata vigingi vyako, na udongo wote uutupe upande wa juu, uwe tuta. Panda majani juu ya tuta. Basi, kazi yako imekwisha. Iliyobaki itafanywa na mvua na jembe lako la kila mwaka. Udongo unaoshuka huzuiwa na tuta, hujaa nyuma yake, na baada ya miaka michache mteremko umejisawazisha wenyewe. Adui aliyekuwa akikuibia udongo sasa amekuwa mtumishi wa kukujengea ngazi. Haba na haba hujaza kibaba.

JIRANI ALIYE CHINI

Sasa twafika mahali pagumu. Maji ya bustani yako yaenda wapi? Mtu aweza kutengeneza ngazi nzuri, akayakusanya maji yote katika mfereji mmoja, akayaelekeza ukutani mwa jirani. Akiulizwa husema, "Maji hufuata mkondo." Ni kweli, lakini mkondo huu ameuchimba nani? Tumefundishwa kumpenda jirani, na mara nyingi twafikiri jirani ni mgonjwa au mgeni njiani. Mlimani, jirani ni yule akaaye chini ya mfereji wako. Kabla ya kuchimba, nenda kwake, piga hodi, mtembee pamoja mahali maji yatakapopita, mkubaliane. Kama yeye naye atakata ngazi, mifereji yenu na iungane.

Tena, usikate mlima nyuma ya nyumba kabisa, wala usiyaache maji yasimame juu ya ukuta mrefu. Udongo ulioshiba maji huwa mzito na kuteleza. Mwezi Novemba 2009, katika kijiji cha Goha, wilaya ya Same, upande wa Upare, mvua kubwa iliporomosha mlima usiku, na watu zaidi ya 20 walifukiwa. Hatuwalaumu marehemu, twawakumbuka kwa huzuni, na kwa ajili ya watoto wetu twajifunza kuwa na hadhari. Ukiona nyufa ndefu juu ya mteremko, au miti imeanza kuinama, au chemchemi mpya imetokea mahali palipokuwa pakavu, usichimbe. Wahamishe watu wako kwanza, uwaite wenye ujuzi.

KWA WAALIMU

Mwalimu aweza kuwafundisha watoto mambo haya pasipo gharama. Siku ya mvua, watoto wawili wachote maji katika vyupa viwili vyeupe: kimoja katika mfereji utokao shamba tupu la mteremkoni, na kimoja katika mfereji utokao mahali penye majani. Vyupa viwekwe dirishani usiku kucha. Asubuhi tope litakuwa limetua, na kila mtoto ataona kwa macho yake tofauti ya vyupa viwili. Kisha wapewe hesabu: kama chupa moja ina tope la unene wa kidole, mfereji mzima kwa saa moja umechukua kiasi gani? Hapo watapata somo la hesabu, la jiografia na la dini, yote kwa chupa mbili.

Wasomaji wapenzi, hatukuumba sisi udongo huu, wala hatuwezi kuuumba. Tumeukuta, nasi tutauacha. Baba zetu walipotuachia kiwanja walituachia na rutuba yake, na kila masika ipitayo sehemu yake yashuka mtoni. Kiangazi hiki, familia ichague ngazi moja tu, ile ya chini kabisa, iimalize vizuri kabla ya vuli. Mwaka ujao ya pili. Katika miaka michache bustani yote itakuwa imesimama, na mama atakwenda kuchuma mchicha pasipo kushika mti asianguke. Mungu awabariki ninyi na kazi ya mikono yenu.